Jinsi ya Kuunguza Ekstensheni Mama Ngina: Mwongozo kwa Wasiopenda Kugawanya

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kufungua kibanda cha jioni pale Mama Ngina, Mombasa, auze chai ya tangawizi, viazi karai, bisi na juisi ya ukwaju, na yote hayo ayafanye kwa soketi moja bila kushika kalamu hata mara moja. Wauza mihogo hawauhitaji. Wao wana jiko la makaa, kipepeo cha ukili, ndimu na pilipili ya unga, na moto wao haujawahi kuulizwa una volti ngapi. Tunaouhitaji ni sisi wengine, tuliosikia kwamba stima ni maendeleo.

Chagua siku vizuri. Jumapili inafaa, lakini Idi pili inafaa zaidi, watoto wa kisiwa kizima wakiwa wameshavishwa nguo mpya na kuletwa Lighthouse kutazama meli zikiingia Kilindini. Tangu pwani hii ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, mwezi uleule Sikukuu ya Mashujaa ilipoadhimishwa hapa hapa, wateja hawana msimu. Tuseme basi jirani mwenye kibanda chenye mita amekuonea huruma na kukubali uchomeke kwake. Soketi moja, plagi moja, na baraka zake. Tuanze.

Kwanza, jifunze nambari nne za kukwepa: volti, ampea, omu na wati. Hatari yake ni kwamba ukizijua mbili, mbili zilizobaki hazina pa kujificha. Omu ni volti ukigawanya kwa ampea. Wati ni volti ukizidisha kwa ampea. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, haina nyingine. Zile kanuni ndefu zinazowatoa jasho watoto wa sekondari ni hizi mbili zikiwa zimechanganywa: wati ni ampea mara ampea mara omu, au volti mara volti ugawanye kwa omu. Mtu anayejua kugawa nyama ya sadaka kwa mitaa saba bila ugomvi angeweza kuzifanya akiwa amesimama, na ndiyo sababu lazima azuiwe.

Ukibanwa ueleze maana yake, nyosha kidole kuelekea Likoni. Saa kumi na mbili jioni watu wanamiminika kwenye feri: ile hamu ya kufika nyumbani ndiyo volti, lango lililobana ndilo omu, na idadi ya wanaopita langoni kila sekunde ndiyo ampea. Hamu ikizidi, wanapita wengi. Lango likibanwa, wanapita wachache. Wati ni kazi yote inayofanyika hapo kwa sekunde, viatu vilivyokanyagwa vikiwemo.

Aliyetuletea balaa hili ni Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule, mtoto wa fundi wa vitasa wa Erlangen huko Ujerumani, aliyejitengenezea mwenyewe nyaya za majaribio. Mwaka 1827 alichapisha kitabu chenye kanuni yake, na wakubwa wa elimu wa kwao wakakidharau hata akaacha kazi yake ya ualimu mjini Cologne. Waingereza ndio waliokuja kumtuza nishani ya Copley, mwaka 1841. Miaka 14 maprofesa wazima walikataa kugawanya. Usione haya; una wenzio.

Usigeuze birika

Kosa kubwa la mwanafunzi wa stima ni kugeuza chombo juu chini. Huko chini kuna kibandiko, na kwenye kibandiko kuna majibu. Mtu mwenye busara hununua birika la umeme kwa rangi, hulitazama mbele tu, na akiulizwa lina wati ngapi husema, “Ni kali hili.”

Tuseme hata hivyo umeligeuza kwa bahati mbaya, labda ulikuwa ukimwaga maji ya jana. Utakuta maandishi madogo: 220–240 V, 50 Hz, 1850–2200 W. Wengi wakiona hivyo hucheka na kusema kiwanda chenyewe hakikuwa na hakika. Kumbe kilikuwa na hakika kupita kiasi. Chukua 240, zidisha kwa 240, upate 57,600. Gawanya kwa wati 2,200. Omu 26.2. Haya, chukua 220, zidisha kwa 220, upate 48,400. Gawanya kwa 1,850. Omu 26.2. Koili ni ileile moja mle ndani, ukinzani wake uleule mmoja, na kilichobadilika ni volti za nchi litakapouzwa tu. Kibandiko kizima ni kanuni ya Ohm imebandikwa kwenye makalio ya birika, na sisi tunaiweka juu ya meza kila siku ikiwa imetazama chini.

Kenya inatumia volti 240, kwa hiyo birika lako litavuta ampea 9.2. Ikumbuke nambari hii, kisha jitahidi kuisahau.

Sasa ngoja jioni. Vibanda vyote vimewashwa, waya ni mrefu, na volti zinazokufikia zimeshuka, tuseme, hadi 200. Asiyegawanya husema: volti zimepungua sehemu moja ya sita, basi na moto umepungua sehemu moja ya sita. Lingekuwa jambo la kufurahisha. Lakini omu hazikushuka, ni 26.2 vilevile, kwa hiyo ampea nazo zimepungua, zimekuwa 7.6. Wati ni volti mara ampea, na vyote viwili vimepungua kwa pamoja. Zidisha 200 kwa 200, gawanya kwa 26.2: wati 1,527. Karibu thuluthi nzima ya moto imekwenda zake.

Lita moja ya maji yenye nyuzi 28, ndiyo hali ya maji ya Mombasa hata yakiwa kivulini, yanahitaji joto la takriban jouli 301,000 mpaka yachemke. Kwa wati 2,200 ni dakika 2 na sekunde 17. Kwa wati 1,527 ni dakika 3 na sekunde 17. Hiyo ni hesabu ya kitabuni, isiyotoza kinachopeperushwa na upepo wa bahari. Dakika moja kamili imeongezeka kwa kila lita, na mteja wako anaihesabu.

“Mama, chai bado?”

“Yaja, mwanangu.”

“Umesema yaja tangu feri ile iko ng’ambo.”

Hapo mwongozo unakutaka ulaumu kwa mpangilio ufuatao: kwanza birika, kwamba ni feki, pili aliyekuuzia, tatu jirani mwenye jicho. Volti zilaumiwe mwisho kabisa, na zisipimwe.

Ekstensheni iwe ndefu, nyembamba na imezongwa

Tukija kwenye waya, kanuni ya dukani ni moja: chukua ule unaokunjika vizuri. Waya mnene ni mzito, ni ghali, na unaharibu sura ya kibanda. Chagua ule ambao nyuzi zake za shaba zina unene wa milimita za mraba 0.75, mita 30, uliozongwa kwenye gurudumu la plastiki. Usiukunjue wote. Kunjua unaokutosha, ulobaki uache umezongwa, uonekane nadhifu.

Shaba nayo ina omu zake, ndogo lakini zipo. Mita moja ya shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina omu 0.0175. Stima huenda na kurudi, kwa hiyo mita 30 za ekstensheni ni mita 60 za shaba. Zidisha 60 kwa 0.0175, gawanya kwa 0.75: omu 1.4. Mtu ataona 1.4 akasema, kitu gani hicho mbele ya 26.2? Tuwashe birika tuone, volti zikiwa 240 kamili. Omu zote kwa pamoja ni 27.6, ampea ni 8.7. Waya peke yake unakula volti 12, na ukizidisha 8.7 kwa 8.7 kisha kwa 1.4 unapata wati 106. Wati 106 za kupasha moto mpira wa waya, zinazolipiwa tokeni kama zile za chai.

Hapo jirani wa upande wa pili anakuja na birika lake. “Shoga, naomba nami nichomeke hapa mara moja tu.” Mkubalie, ndiyo ujirani. Birika mbili pamoja zina omu 13.1, waya una zake 1.4, jumla 14.5. Ampea zinapanda hadi 16.6. Birika zimekuwa mbili, na asiyegawanya atadhani joto la waya nalo limekuwa maradufu. Hasha. Ampea zinazidishwa kwa zenyewe: 16.6 mara 16.6 mara 1.4 ni zaidi ya wati 380. Karibu mara nne. James Joule aliligundua jambo hili mwaka 1840 na bado linawashangaza watu kila Idi. Birika zenyewe kila moja imebakiwa na wati 1,800 tu, kwa hiyo chai zenu zote mbili zimechelewa ili waya upate kuota moto.

Na kwa kuwa umezongwa kwenye gurudumu, joto hilo halina pa kutokea. Tabaka la ndani linapasha la nje, la nje linarudisha ndani. Plastiki inalainika. Plastiki ya vifaa vya stima ikianza kuungua mara nyingi hutoa harufu inayokaribia ya samaki, na hapa ndipo sisi watu wa pwani tulipojaliwa.

“Jirani, mbona kwanuka hivi?”

“Samaki hao, bi mkubwa. Upepo umegeuka.”

Kuwasha vyote

Kibanda kilichokamilika kina birika la wati 2,200, karai la umeme la kukaangia viazi la wati 2,000, mashine ya bisi ya wati 1,300, blenda ya wati 500, balbu tatu za LED za wati 9 kila moja, na chaja ya simu ya wati 18, kwa sababu mteja akikaa atataka kuchaji. Jumlisha: wati 6,045. Gawanya kwa 240: ampea 25.

Plagi zetu hizi za miguu mitatu tulizorithi kwa Waingereza zina fyuzi ndani, na fyuzi yake kubwa kabisa ni ya ampea 13. Zidisha 13 kwa 240 upate wati 3,120. Huo ndio mzigo wote ambao soketi ya jirani ilikubali kuubeba, na hata karai na birika peke yake vimeshaupita. Aliyejumlisha kabla ya kuchomeka angejua kwamba akikaanga viazi asichemshe maji. Aliyefuata mwongozo huu atajua fyuzi ikikatika.

Fyuzi ikikatika, kuna dawa ya kienyeji inayojulikana kisiwa kizima: ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Izungushie fyuzi iliyokufa, rudisha kwenye plagi, na stima itapita bila kuulizwa maswali. Hakika haitaulizwa tena na chochote mpaka ifike kwenye waya wako wa milimita 0.75, ambao kwa desturi hupewa ampea 6 tu au hapo karibu. Na hata bila karatasi, usidhani fyuzi ya 13 inaulinda waya ule. Fyuzi ya 13 yaweza kuvumilia ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika. Yenyewe haijui imeunganishwa na waya gani. Kazi ya kulinganisha nambari iliyo kwenye fyuzi na unene wa waya iliachwa kwa mwenye kibanda, na mwenye kibanda anakata vitunguu.

Waya ukikatika katikati, usinunue kiunganishi. Menya ncha kwa meno, sokota, zungushia solotepu. Kiungo kilicholegea huwa na ukinzani wake, tuseme nusu omu. Ampea 9 mara 9 mara 0.5 ni wati 40, zote zimekusanyika mahali padogo kuliko punje ya mahindi. Chuma cha mafundi wa redio cha kulehemia kina wati 40 vilevile, na hicho kinayeyusha risasi. Tofauti ni kwamba cha fundi kina mpini.

Tusijilaumu sana kwa haya, maana uhusiano wetu na stima ulianza kwa mtumba. Kwa historia inayosimuliwa na kampuni ya umeme yenyewe, Sultan Barghash wa Zanzibar alijipatia jenereta mwaka 1875 ya kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu; na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaipata mashine hiyo, nayo ikaenda kwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo na ya Nairobi ziliunganishwa zikazaa East African Power and Lighting, mama wa Kenya Power ya leo. Stima ilivuka bahari kuja kwetu ikiwa imeshatumika, na kama kulikuwa na kibandiko chini yake sidhani mtu aliigeuza.

Fundi na mita yake

Kuna siku utakutana na fundi wa kweli wa uongo. Huyu ana mita ya kupimia, na amesikia kanuni ya Ohm nusu. Mpe balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60, kama bado unayo nyumbani Mji wa Kale kwenye ile taa ya barazani. Ataipima ikiwa baridi mezani, apate omu 70 hivi. Kisha atazidisha 240 kwa 240, agawanye kwa 70, apate wati 823, na atatangaza kwamba kiwanda kimekudanganya na mita ya stima inakuibia.

Kugawanya amegawanya vizuri, tena tumpe heshima, ndiye wa kwanza humu. Tatizo ni kwamba uzi wa balbu ukiwaka hufika maelfu ya nyuzi za joto, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Ukiwa unawaka, balbu ya wati 60 huvuta ampea 0.25, 240 gawanya kwa 0.25 ni omu 960. Kanuni inataka omu za wakati wa kazi. Koili ya birika haina visa hivyo kwa sababu chuma chake kilichaguliwa kisibadilike sana kikipata moto. Balbu za LED nazo zisipimwe kwa njia hii kabisa. Ndani yake mna vijidude vya elektroniki visivyomtii Ohm hata kidogo.

Blenda pia itamchanganya. Kibandiko kinasema wati 500, kwa hiyo ampea 2.1, na yeye anaona mita inaonyesha zaidi ya hapo. Mota huvuta mkondo usioenda sambamba na volti, na sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Volti mara ampea ni wati kamili kwenye birika, karai na pasi. Kwenye mota na friji, jibu huzidi wati zenyewe kidogo. Waya hata hivyo unabeba ampea zote, zinazofanya kazi na zinazotembea tu, kwa hiyo unene wake upimwe kwa hizo.

Miguu mitupu

Sehemu hii nitaiandika kwa upole zaidi, na mwenye haraka ya kucheka airuke. Mama Ngina kuna bahari. Watoto wanaoga, wanatoka na chumvi mwilini, wanakuja kibandani miguu mitupu, sakafu imelowa, na mmoja anaegemea karai.

Ngozi kavu ya mkono yaweza kuwa na omu makumi ya maelfu. Chukua 50,000: 240 gawanya kwa hizo ni karibu miliampea 5, utarushwa na utatukana. Ngozi iliyolowa maji ya chumvi yaweza kushuka hadi omu 1,000 au hapo karibu. 240 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.24, yaani miliampea 240. Zile swichi za usalama zinazokata stima mkondo ukivuja zimewekwa zikate kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo moyo waweza kupoteza mpigo wake. Kwa hiyo mkondo wa yule mtoto ni mara 8 ya kiwango hicho. Ampea 0.24 ni karibu zilezile zinazowasha ile balbu ya barazani, na fyuzi ya 13 haitajua kwamba lolote limetokea.

Swichi hiyo inauzwa. Mguu wa tatu wa plagi nao, ule mrefu wa ardhi, haukuwekwa kwa urembo, na asiukate mtu kwa sababu ekstensheni yake ina matundu mawili. Hapa sina kejeli.

Kugawana tokeni

Turudi kwenye mambo yanayowagombanisha watu wazima. Usiku wa manane jirani atakuja na simu mkononi, tokeni imekwisha, na atataka mlipe nusu kwa nusu. Atasema taa zako ndizo zilizomaliza, kwa sababu taa ndizo anazoziona.

Yuniti moja ya mita ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa zako tatu ni wati 27. Kwa saa tano ni yuniti 0.135. Lita moja ya chai, zile jouli 301,000, ni kama yuniti 0.084. Kwa maneno mengine, taa zote, tangu Magharibi mpaka watu waondoke, zimekula stima ya chini ya lita mbili za chai. Kama umeuza lita 60, hizo ni yuniti 5. Na volti zikiwa zimeshuka usidhani umeponea: birika lilivuta wati kidogo kwa muda mrefu, lita ikahitaji joto lilelile, tena na kidogo zaidi kwa sababu ya kilichopotelea hewani. Unyonge wa volti hauna punguzo.

Mweleze hayo jirani na atakujibu, “Mimi hayo siyajui, lakini taa zako zinawaka.” Lipa. Mwongozo huu haujapata dawa ya hilo.

Spika ya wati 5000

Kibanda bila muziki hakina haja, basi mwisho ununue ile spika yenye magurudumu na taa za rangi. Mbele imeandikwa wati 5000, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nyuma, kwenye kibandiko kidogo, imeandikwa betri ya volti 12, ampea-saa 7, na chaja ya volti 12, ampea 1.5. Maandishi ya mbele yameandikiwa mnunuzi, ya nyuma yameandikiwa fundi, na ni adabu kutoyasoma ya mtu mwingine.

Ila umeshafika hapa, mkono umeshazoea. Volti 12 mara ampea 1.5 ni wati 18. Ndizo chaja inazoweza kutoa. Mwenye spika atatetea kwamba hiyo ni chaja tu, muziki hutoka kwenye betri. Tumkubalie, na tuijaze betri mpaka pomoni. Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84. Kupata wati 5,000 kwenye volti 12 kunahitaji ampea 417, na hakuna waya ndani ya sanduku lile unaoweza kuzibeba bila kugeuka moshi. Lakini tuseme kwa miujiza zimepita. Gawanya 84 kwa 5,000, zidisha kwa dakika 60, na betri imekwisha kwa dakika moja. Weka taarab. Katika dakika moja hiyo fidla ndiyo kwanza imeingia, na mwimbaji hata hajanyanyuka kitini.